Mkono wa Cheche

Mwaka 1984 nilikuwa mwanafunzi wa darasa la tano. Nilikuwa nikikaa kwa mjomba wangu kijijini Mkuyuni, kando ya barabara itokayo mjini Morogoro kwenda Matombo. Asubuhi tuliiona milima ya Uluguru imejifunika ukungu, na jua lilipopanda tuliona migomba na minanasi katika miteremko. Mjomba alikuwa mkulima kama majirani zake, lakini ujanani alikuwa fundi wa mitambo Dar es Salaam. Aliporejea nyumbani hakurejea na mali nyingi. Alirejea na sanduku la spana, na ndani ya sanduku hilo, imezongwa kwa kitambaa chenye oili, mlikuwa na injini ndogo kuliko zote nilizopata kuziona.

Injini hiyo niliweza kuishika kwa mkono mmoja. Ilikuwa na silinda moja, pistoni moja, plagi moja, na mbele yake pangaboi la mti. Haikutengenezwa kwa ajili ya gari wala pikipiki. Ilitengenezwa kwa ajili ya kurusha ndege ya mfano, yaani ndege ndogo isiyochukua mtu. Mjomba alipewa na fundi mwenzake wa kigeni aliyekuwa akirudi kwao.

Mjomba alitueleza kwamba katika miaka ya 1930 kijana mmoja wa Marekani, jina lake William Brown, alitengeneza injini ndogo za petroli za namna hii, na watu wengi wakazinunua. Ujazo wa silinda yake ulikuwa karibu sentimita za ujazo 10, yaani kiasi cha vijiko viwili vya chai. Mwaka 1947 ilitokea plagi ya aina nyingine, yenye waya mwembamba unaobaki mwekundu kwa joto la injini yenyewe. Injini za cheche zikaanza kuachwa. Lakini hata leo wapo watu katika nchi mbalimbali wanaozitunza na kuziwasha, kwa kujifunza na kwa kujifurahisha.

Mjomba hakuwa na ndege ya kuifunga injini yake. Aliifunga kwa skrubu juu ya ubao mnene chini ya mti, mbali na nyumba na mbali na jiko. Kila Jumapili alasiri wenzake watatu walikuja: fundi wa baiskeli, fundi wa mashine ya kusaga, na mzee mmoja aliyekuwa dereva wa lori. Majirani waliwacheka. Siku moja mama mmoja aliuliza, "Injini isiyosaga unga wala kubeba mzigo, ina faida gani?"

Mjomba akamjibu, "Dada, hii inasaga ujinga."

Labda nawe utauliza: injini hii ilifanyaje kazi? Injini ya petroli huhitaji mambo manne: mafuta, hewa, mgandamizo na cheche. Likikosekana hata moja, injini haiwaki. Mafuta ya injini ya mjomba yalikuwa mchanganyiko wa sehemu tatu za petroli na sehemu moja ya oili nzito. Petroli ilikuwa ya kuungua, na oili ilikuwa ya kulainisha vyuma vinavyosuguana. Katika kabureta mafuta huchanganyika na hewa. Pistoni ipandapo, huugandamiza mchanganyiko huo juu ya silinda. Ikaribiapo kileleni, cheche huruka katika plagi. Mchanganyiko huungua, gesi zenye joto hutanuka kwa nguvu, na pistoni husukumwa chini. Ndipo shafti huzunguka, na pangaboi huzunguka pamoja nayo. Kila pistoni ipandapo na kushuka mara moja, cheche huruka mara moja. Injini ya namna hii huitwa injini ya mapigo mawili.

Na cheche hutoka wapi? Mjomba alitumia betri mbili za tochi. Nguvu yake ni ndogo mno, haiwezi kurusha cheche hewani. Kwa hiyo umeme wake hupitishwa kwanza katika koili. Ndani ya koili mna nyaya za aina mbili zilizozongwa mara nyingi kuzunguka chuma. Katika injini zimo ncha mbili za chuma zinazogusana na kuachana kila shafti izungukapo. Ncha zikigusana, umeme wa betri hupita katika nyaya za kwanza, na koili huwa sumaku. Ncha zikiachana, umeme hukatika, nguvu ya sumaku hutoweka ghafla, na katika nyaya za pili huzaliwa umeme wenye volti maelfu. Umeme huo ndio urukao katika plagi.

Nyuma ya pangaboi palikuwa na mkono mdogo wa chuma. Mkono huo ulisogeza zile ncha, na hivyo uliamua cheche iruke mapema au iruke baadaye. Mjomba aliuita mkono wa cheche. Wakati wa kuwasha, injini huzungushwa polepole, kwa hiyo cheche hucheleweshwa mpaka pistoni ifike kileleni. Injini ikishakwenda kasi, cheche hutakiwa kutangulia kidogo. Sababu yake ni kwamba mchanganyiko hauungui wote papo hapo. Huhitaji muda, ingawa muda huo ni mfupi kuliko kufumba na kufumbua.

"Tazama kila kitu, uliza kila kitu," mjomba aliniambia. "Lakini mkono huu usiuguse bila mimi."

Jumapili moja fundi wa baiskeli alikuja na mwanagenzi wake, kijana wa miaka kama kumi na saba. Kijana huyo aliifunga injini juu ya ubao, akakaza skrubu vizuri, kisha akaenda kuchota maji. Mjomba aliingia ndani kuchukua chupa ya mafuta. Miaka hiyo petroli ilikuwa haba, naye aliitunza chupa hiyo kama dawa. Wazee walikuwa wakizungumza. Mimi nilibaki peke yangu mbele ya injini.

Nilinyosha kidole nikausogeza mkono wa cheche mpaka mwisho, upande wa cheche ya mapema. Nilitaka tu kuona kama ni mgumu au mwepesi. Mara nikasikia nyayo za mjomba. Nikaondoka haraka, na mkono nikauacha pale pale nilipoufikisha.

Mjomba alitia mafuta, akaunganisha betri, akashika pangaboi na kulizungusha kwa vidole. Ghafla ulisikika mlio mmoja mkali. Pangaboi lilirudi nyuma kwa nguvu na kumpiga vidole viwili. Damu ilitoka nyingi. Tulimwosha kwa maji safi na sabuni, tukamfunga kitambaa, na siku ya pili alikwenda zahanati kushonwa.

Fikiri jinsi ilivyotokea. Cheche iliruka pistoni ikiwa bado inapanda. Gesi zikatanuka na kuisukuma chini kabla haijafika kileleni. Shafti ikalazimika kuzunguka kinyume, na pangaboi likarudi kinyume pamoja nayo.

Mzee dereva aliinama kutazama. "Mkono wa cheche uko mbele kabisa," alisema. "Nani ameusogeza?"

Fundi wa baiskeli alimgeukia mwanagenzi wake. "Wewe ndiye uliyeifunga injini."

Kijana aliapa kwamba hakuugusa. Bwana wake hakumsadiki. Alimwambia aende zake, na asije tena mahali pale wala kwenye karakana yake. Kijana aliweka ndoo chini, akaondoka bila kusema neno. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mti. Ulimi wangu ulikuwa mzito kama jiwe.

Wiki nzima sikulala vizuri. Kila nilipomwona mjomba akila kwa taabu kwa mkono wa kushoto, nilitaka kusema, lakini niliogopa.

Jumapili iliyofuata wazee walikutana tena. Mkono wa mjomba ulikuwa bado umefungwa bendeji. Alisema, "Hasira haitengenezi injini. Leo tutafute chanzo. Yule kijana hana tabia ya uongo, nami namsadiki. Kama hakuna mtu aliyeusogeza mkono huu, basi umesogea wenyewe kwa mtikisiko. Maana yake kishikio chake kimelegea. Hatuna budi kuifungua injini tukikaze."

Fundi wa mashine ya kusaga akasema kwa huzuni, "Vyuma hivi vina miaka mingi. Skrubu moja ikivunjika, nyingine hatutaipata."

"Najua," mjomba alijibu. "Lakini siwezi kuwasha injini ambayo sababu ya kosa lake siijui. Safari hii itakata vidole vya nani?" Akaniambia, "Mwanangu, nipe bisibisi."

Bisibisi nilikuwa nayo mkononi. Nilitambua kwamba kunyamaza kwangu kulikuwa kumemfukuza mtu asiye na hatia, na sasa kulitaka kuharibu injini isiyo na kasoro. Wazee wale walikuwa na akili na ujuzi, lakini walikuwa wanakwenda njia isiyo sahihi kwa sababu mimi nilikuwa nimeuficha ukweli.

"Mjomba, usiifungue," nilisema huku nikilia. "Kishikio hakikulegea. Mimi ndiye niliyeusogeza."

Wote walinyamaza. Mjomba alinitazama kitambo kirefu. Nilitazamia fimbo, lakini hakunipiga. Alisema, "Sasa chanzo tumekijua. Weka bisibisi chini. Nenda ukamwite yule kijana, na hayo uliyoniambia mimi ukamwambie yeye kwanza, mbele ya mama yake."

Safari ile ya kuvuka kijito na kupanda kilima ilikuwa ndefu kuliko safari zote. Kijana alinisikiliza. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Mbona hukusema siku ile ile?" Swali hilo sikuweza kulijibu. Turudipo, fundi wa baiskeli alimpa mkono kijana akamwomba radhi mbele ya watu wote.

Kisha mjomba akatufanyisha jaribio. Kwanza, bila mafuta na bila betri, alitutaka tulizungushe pangaboi polepole, tutazame ncha zinaachana lini. Mkono wa cheche ulipokuwa nyuma, ncha ziliachana pistoni ilipofika kileleni. Mkono ulipokuwa mbele, ziliachana mapema, pistoni ikiwa bado inapanda. Mara tatu tulijaribu, na mara tatu tuliona vivyo hivyo. Halafu alitikisa ubao kwa nguvu, na mkono wa cheche haukusogea hata kidogo. Hivyo tulipata hakika kwamba kishikio kilikuwa kizima.

Mkono wa cheche ukarudishwa nyuma. Mwanagenzi ndiye aliyepewa heshima ya kuwasha. Safari hii hakutumia vidole. Alitumia kijiti kinene kilichozongwa mpira wa baiskeli. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili kimya. Mara ya tatu injini ikalia! Moshi wa buluu ukatoka, majani makavu yakaruka nyuma ya pangaboi, na kuku wa jirani wakakimbia. Mjomba alisimama kando, akausogeza mkono wa cheche mbele kidogo kidogo, na sauti ikapanda ikawa nyembamba na laini. Hata yule mama aliyecheka alikuja kutazama. Baada ya dakika chache mafuta yakaisha, pakawa kimya.

Tangu siku hiyo nimeona injini nyingi. Pikipiki za bodaboda zinazopita leo katika barabara ya Mkuyuni ni za mapigo manne, na wakati wa cheche hupangwa na mtambo wa umeme bila mkono wa mtu. Lakini nazo huhitaji mafuta, hewa, mgandamizo na cheche kwa wakati wake. Fundi wake naye huhitaji kitu kile kile tulichokihitaji sisi chini ya mti: kuambiwa kweli juu ya kila kilichoguswa. Mtu anayefanya jaribio akakosea si mjinga, maana kosa lililosemwa hufundisha. Kosa lililofichwa hupotosha wote wanaotafuta.

Petroli huwaka upesi sana, na pangaboi hukata kama panga. Usijaribu mambo haya bila mtu mzima ajuaye kazi hiyo.

Maswali

1. Taja mambo manne yanayohitajiwa na injini ya petroli ili iwake.
2. Kwa nini oili ilichanganywa na petroli?
3. Eleza kwa nini pangaboi lilirudi nyuma na kumpiga mjomba.
4. Mjomba aliutikisa ubao kwa nguvu. Alitaka kujua nini?
5. Je, wazee wangefanya nini kama mwandishi angeendelea kunyamaza?