Bendi Moja ya Gent
Tukiwataja Ostrogoth, wengi hutuuliza: ndio akina nani? Ni bendi ya roki nzito ya mjini Gent, Ubelgiji, iliyoanza mwaka 1980. Mwaka 1983 walitoa Full Moon's Eyes, santuri yenye nyimbo nne tu. Kufikia 1987 walikwishatoa albamu tatu. Sisi huirudia Ecstasy and Danger ya 1984, gitaa mbili zikijibizana kama majirani wasioelewana. Wenzetu hutucheka kwamba tunawapenda walioshindwa. Walishindwa nini? Kweli, umaarufu haukuja, wanamuziki wakatoka na kuingia, kikundi kikavunjika. Lakini zaidi ya miaka ishirini baadaye walirudi jukwaani, wakapiga nyimbo zilezile. Hatudhani ni fedha iliyowaita.