Muscadet: divai inayofanya kazi ya ndimu

Leo naweka kando Linux na hifadhidata, nizungumzie divai. Msiondoke, tarakilishi itaingia tu.

Divai yenyewe ni Muscadet, nyeupe, ya karibu na Nantes, magharibi mwa Ufaransa. Jina lisikudanganye: si muscat wala si tamu. Zabibu zake huitwa Melon de Bourgogne, na zilienea huko baada ya baridi kali ya mwaka 1709 kuua mizabibu mingine mingi. Ni nyepesi, kavu na chachu, kileo chake kama asilimia 12. Ukiona "sur lie" kwenye chupa, ujue iliachwa juu ya hamira iliyokufa majira yote ya baridi, ikatiwa chupani kuanzia Machi. Hamira huipa uzito kidogo mdomoni, na pengine harufu ya mkate.

Wenyeji huinywa kwa chaza wabichi, kome, na samaki waliomwagiwa beurre blanc, sosi ya siagi, siki na vitunguu vidogo ya eneo hilohilo. Tazama vyakula hivyo: chumvi ya bahari na mafuta ya siagi. Uchachu hukata mafuta na kupoza chumvi. Sisi tuliokulia Mombasa hili tunalijua tangu utotoni, maana samaki wa kukaanga haliwi bila ndimu. Muscadet ni ndimu ndani ya glasi.

Na nyekundu je? Mwaka 2009 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya kuonja divai nyingi pamoja na samakigamba. Shombo ilizidi kadiri madini ya chuma yalivyozidi ndani ya divai. Nyekundu mara nyingi ndizo zenye chuma kingi, lakini si zote. Kumbe rangi ni ishara tu, sababu ni nyingine.

Nilihitaji kujua haya kwa sababu ya kazi. Mteja mmoja wa Nantes alitaka programu ya mkahawa: mhudumu aandike chakula, apewe jina la divai. Kanuni aliyonipa ni samaki nyeupe, nyama nyekundu. Nilipouliza kwa nini, alijibu kwamba mambo haya mtu huzaliwa nayo. Neno hilo lilinichoma. Kanuni isiyo na sababu ni mlango wenye kufuli: mwenyeji ana ufunguo, mgeni anabaki barazani.

Basi jedwali langu likawa na safu za uchachu, chumvi, mafuta, utamu na pilipili. Chuma hakiandikwi kwenye chupa, kwa hiyo rangi ilibaki kama dokezo. Nikaijaribu kwa samaki wa kupaka. Programu ikaikataa Muscadet, kwa kuwa nazi na pilipili zingeifunika, ikapendekeza Vouvray demi-sec, yenye utamu kidogo, ya bonde lilelile la Loire. Hakuna Mfaransa aliyeandika kanuni hiyo. Imetoka kwenye sababu.

Kwa hiyo ukikabidhiwa orodha ya divai usitishike. Jiulize: chakula hiki ningekikamulia ndimu? Kama ndiyo, agiza nyeupe kavu iliyo chachu. Na kama hunywi kileo, kamua ndimu yenyewe. Kazi ni ileile.

Haya, kwaherini.