Cowes, Hellerup na ubao wa Lamu

Mto Medina unaugawa mji wa Cowes, kisiwani Wight, kusini mwa Uingereza, na watu huvuka kwa feri inayojivuta kwa minyororo. Uffa Fox, aliyezaliwa mjini hapa mwaka 1898, aliinunua feri kuukuu ya aina hiyo katika miaka ya 1920, akaifanya nyumba na karakana yake humo humo mtoni.

Kilichonileta kwake ni kwamba alikuwa fundi na nahodha kwa pamoja. Kwetu Lamu mara nyingi hao ni watu wawili. Fundi wa Matondoni hupima kwa jicho, huunda bila mchoro, na siku ya mashindano husimama ufukweni akikitazama chombo chake kikiendeshwa na mwingine. Fox aliingia mwenyewe. Mwaka 1928 mashua yake Avenger, ya futi 14, ilishindana mara 57 ikashika nafasi ya kwanza mara 52. Siri ilikuwa chini ya maji: omo lenye umbo la V, kisha ubapa kuelekea tezi, ili upepo ukishika chombo kipande juu ya maji na kuteleza badala ya kuyapasua. Lakini umbo hilo halifai kitu kikilala upande. Lazima mabaharia waegemee nje, upande wa joshi, mpaka kikae sawa. Naamini jambo hilo hajifunzi mtu mezani. Hulijua kwa mapaja na tumbo.

Kwenye gati niliona mtumbwi wa matanga wa mashindano, mwembamba, wenye ubao uliopachikwa kukingama ili uteleze kulia na kushoto. Baharia hukaa kwenye ncha yake, mwili wote juu ya maji, kamba ya tanga mkono mmoja na usukani mkono wa pili. Niliusukuma ubao huo, ulikwenda kwa wepesi, bila kukwaruza. Wamarekani ndio waliotangulia kukaa hivyo, na mwaka 1933 Fox na Roger De Quincey walipeleka mitumbwi ya namna hiyo ng'ambo ya Atlantiki wakalichukua kombe la New York Canoe Club. Moyo wangu ulikwenda moja kwa moja Shela, kwenye mashua zetu za mashindano: ubao huohuo hutolewa nje kwa joshi, vijana wakakaa juu yake kwa safu, na chombo kikigeuzwa wote huhama nao. Sisi hukaa wengi, na wa usukani ni mwingine. Hapa mtu mmoja hufanya yote.

Hellerup, kaskazini mwa Copenhagen, ni kimya zaidi. Baharia Paul Elvstrøm alikulia hapa, ukingoni mwa mlango-bahari wa Øresund. Mwaka 1948, akiwa na miaka 20, alitwaa dhahabu ya Olimpiki kwenye Firefly, mashua iliyobuniwa na Fox. Dhahabu tatu zilizofuata, 1952, 1956 na 1960, alizipata kwenye Finn, kazi ya kinyozi wa Uswidi, Rickard Sarby, ambaye mwaka 1952 alishika nafasi ya tatu ndani ya chombo alichokibuni mwenyewe.

Elvstrøm alijitengenezea benchi nyumbani, akawa akijizoeza kuegemea nje saa ambazo wenzake walikuwa wamepumzika. Alishona matanga, na akabuni kifaa cha kutoa maji chini ya mashua wakati inakwenda, mabaharia wasipoteze mkono kwa kufua maji. Kwa ubunifu wa umbo la chombo, nampa Fox nafasi ya juu. Kwa kuujua mwili wa baharia, sijaona wa kumfikia Elvstrøm.

Mwaka 1984, akiwa na miaka 56, alirudi Olimpiki kwenye Tornado, chombo cha matumbo mawili. Yeye alishika usukani. Aliyening'inia nje kwa waya, upande wa joshi, alikuwa binti yake Trine. Walimaliza wa nne.