Dhana Mbaya na Kijisanduku cha Kabatini



Ndugu zangu wasomaji, na khasa akina mama na mabinti, ambao ndio nguzo za nyumba, juma hili sitaandika juu ya twahara wala mirathi. Nitaandika juu ya kijisanduku kisichozidi ukubwa wa kikasha cha halua, kilichokaa katika kabati la nyumba yangu hapa Bungoma, na ambacho kwa sababu yake nilimdhulumu mwanangu. Nilimwomba idhini kabla ya kushika kalamu. Alicheka, akasema: "Andika, Baba. Huenda ikamfaa mwingine."

Wengi wenu mwajua kuwa mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, na kwamba riziki ya ualimu wa chuo ndiyo iliyonipandisha bara mwaka 1998. Uislamu haukuja huku jana. Misafara ya Waswahili ilifika Mumias, jirani yetu, tangu karne ya 19, na reli ikawaleta wengine. Basi nyumba yangu iko hapa: mbele ni sebule, nyuma ni vyumba vya watoto, na uani ni chumba cha chuo.

Binti yangu wa pili alirejea nyumbani miaka mitatu iliyopita, baada ya ndoa yake kwisha, akiwa na mtoto anyonyaye. Hakutaka kuwa mzigo kwa ndugu zake. Amehifadhi, na tajuwidi yake ni safi, kwa hivyo akaanza kusomesha Qur'ani kwa njia ya intaneti. Wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa watoto wa Waswahili wenzetu walioko Muscat. Baadaye akapata wengine walioko London, jambo ambalo alimwambia mamake. Mimi sikuambiwa, na kusema kweli sikuuliza.

Kwa ajili yake na kwa ajili ya chuo, tulilipia intaneti ya waya ya megabiti 40 kwa sekunde. Ruta tuliiweka sebuleni. Kutoka hapo waya mmoja huenda hadi kabatini, kwenye ujia wa nyuma, na humo kabatini ndimo kilimokuwa kile kijisanduku chenye matundu manane, kikiugawa waya ule kwenda chumba cha binti yangu, chuoni, na kwenye kifaa kidogo cha waifai cha vyumba vya nyuma. Nilikinunua kwa bei ya kutupa kutoka kwa mtu aliyekuwa akifunga duka lake la intaneti mjini. Nilihesabu pesa nilizookoa nikashukuru.

Mwaka jana, katika mwezi wa Shaaban, pampu ya maji ya chuo iliibwa usiku. Nikaweka kamera tatu, na mashine ya kurekodia nikaiweka kabatini. Nyaya za kamera na ule wa mashine nikazichomeka kwenye kijisanduku kilekile, na matundu yote manane yakajaa.

Tangu hapo masomo ya binti yangu yakaanza kukatika. Mtoto wa Muscat akisoma, sauti yamfikia vipandevipande. Na mwenye kusomesha tajuwidi ajua maana yake: usipoisikia herufi ikitoka mahali pake, usiweze kupambanua swadi na sini, wala kupima urefu wa madda, huwezi kumsahihisha mwanafunzi. Hapo huwi mwalimu tena, wawa msikilizaji wa kelele.

Alinilalamikia mara mbili. Mimi nilimsikiliza kwa sikio moja, kwani aghalabu hukaa sebuleni karibu na ruta, na simu yangu hupokea kila kitu bila taabu. Nikajiuliza: mbona kwangu hapana tatizo? Kisha nikaona taa ya chumba chake ikiwaka hadi saa nne na saa tano usiku. Shetani hahitaji mlango mpana. Nikadhani anatazama tamthilia, na kwamba ni yeye mwenyewe anayeimaliza intaneti kisha akaja kulalamika.

Usiku mmoja, tukiwa kwenye chakula, nikasema mbele ya kaka zake: "Intaneti ya nyumba hii inaliwa na mtu mmoja, na sote twamjua." Hakujibu. Alirudisha tonge sahanini, akanawa, akaondoka.

Laiti ningeishia hapo. Kwa siku tisa mfululizo, ilipofika saa tatu usiku, nilikwenda kabatini kimyakimya nikauchomoa waya wake. Alfajiri, nikitoka kwenda msikitini, niliurudisha. Naye alidhani mtandao ndio umekatika.

Siku ya kumi mke wangu akanijia nikiwa peke yangu. "Sheikh," akasema, "mwanao amepoteza wanafunzi wawili wa London. Wazazi wao wamesema hawawezi kulipa mwalimu asiyepatikana." Nikamuuliza wanafunzi hao husoma saa ngapi. Akanijibu: "Saa tatu usiku. Kwao wakati huu wa baridi ni saa kumi na mbili jioni, watoto wamekwisha kurudi skuli."

Wallahi, mate yalinikauka kinywani.

Kesho yake nikamwita fundi, kijana wa Kibukusu wa hapa mjini, mpole na mwenye adabu. Hakuanza kwa kuuliza nani anatazama nini. Aliomba kompyuta moja na waya mmoja. Kwanza akaichomeka kompyuta moja kwa moja kwenye ruta, akapima kasi: megabiti 37. Kisha akaichomeka kwenye kijisanduku cha kabatini, akapima tena: megabiti 4. Akakigeuza, akasoma maandishi ya chini, akaniambia: "Sheikh, hii si swichi. Hii ni hab. Tena ni ya megabiti 10."

Nikamwomba anifahamishe kama anavyomfahamisha mtoto, naye akanifahamisha.

Hab na swichi ya mtandao hufanana kwa umbo, na zote huunganisha vyombo kwa waya. Lakini hab haina akili. Neno likiingia kwa tundu moja, hulirudia kwa matundu yote, kwa anayehusika na asiyehusika. Ni kama jirani mwenye umbea: umnong'oneze jambo, alitangaze mtaa mzima. Na kwa kuwa wote wanatumia njia moja, wawili wakisema pamoja maneno hugongana, na kila mmoja hulazimika kunyamaza kisha aanze upya. Hizo megabiti 10 si za kila tundu, ni za nyumba nzima kwa zamu. Swichi, kwa upande wake, hujifunza ni chombo kipi kiko kwenye tundu lipi, na ujumbe wa fulani humfikishia fulani peke yake. Wawili wakizungumza, hawawazuii wengine wawili. Swichi huhifadhi amana ya mazungumzo, kila neno likamfikia mwenyewe.

"Sasa," akasema yule kijana, "hizi kamera tatu zapeleka picha kwenye mashine ya kurekodia usiku na mchana, na picha hizo zote zapita ndani ya hab hii. Kinachobaki ndicho anachokitumia dada."

Mlikwisha kufahamu, ndugu zangu. Mla intaneti hakuwa binti yangu. Zilikuwa ni kamera nilizozitundika kwa mkono wangu ili nimkamate mwizi.

Nilikumbuka mwaka 2009, ulipofika Mombasa waya wa chini ya bahari uitwao TEAMS, uliotandazwa kutoka Fujairah. Huko kwenu Pwani watu walifurahi, na haki yao kufurahi. Sauti ya mtoto wa Muscat hupita katika nyaya kama hizo, ikavuka bahari, ikaingia Pwani, ikapanda bara zaidi ya kilomita 800. Ikishafika Bungoma salama, hukwama kabatini mwangu kwa sababu ya ubahili wangu na kutojua kwangu.

Kwa kuwa najua nyumba nyingi sasa zina wanafunzi, wafanyabiashara na walimu wa aina hii, nitaeleza tuliyoyazingatia tulipokwenda kununua swichi.

Kwanza, hesabuni kabla ya kwenda dukani. Andikeni kila chombo kitakachotumia waya, muongeze tundu moja la kwenda kwenye ruta, kisha mbakishe mawili matupu. Swichi za nyumbani aghalabu huuzwa za matundu 5 au 8. Kwetu 8 yalikuwa yamekwisha kujaa, kwa hivyo tulichukua ya matundu 16.

Pili, tazameni kasi ya kila tundu. Zipo bado madukani swichi za megabiti 100, na zipo za gigabiti 1, yaani megabiti 1,000. Tofauti ya bei haikuwa ya kumkosesha mtu usingizi, nasi tukachukua ya gigabiti kwa matundu yote. Zipo pia za gigabiti 2.5, ambazo kanuni yake ilipitishwa mwaka 2016. Hizo zamfaa mwenye kuhamisha mafaili makubwa baina ya kompyuta za nyumbani, au aliyelipia intaneti ipitayo gigabiti moja. Kwa mwenye megabiti 40 kama mimi, ni sawa na kununua jahazi la kuvukia mtaro.

Tatu, zipo swichi za kuchomeka tu zikafanya kazi, na zipo zinazotaka mtu wa kuzipangilia. Nyumba ya kawaida yatosheka na ile ya kwanza. Mwenye kamera nyingi aweza kuuliza juu ya swichi inayopeleka umeme kwa kamera kupitia waya uleule wa mtandao. Bei yake ni ya juu, lakini hupunguza msongamano wa nyaya.

Nne, msiisahau kebo. Ndani yake mna nyuzi nane zilizosokotwa mbilimbili. Kasi ya megabiti 100 hutumia nyuzi nne tu, bali ile ya gigabiti huzitaka zote nane. Uzi mmoja ukikatika, swichi ya gharama haikufaidishi kitu. Kebo ya daraja la Cat 5e yatosha kubeba gigabiti moja hadi mita 100. Ulizeni kama ni shaba tupu, kwani zipo za alumini iliyopakwa shaba kwa nje.

Tano, jihadharini na mambo mawili. La kwanza ni radi. Huku kwetu magharibi radi ni nyingi, na waya wa shaba utokao nje kwenda kwenye kamera waweza kuileta ndani, basi mawingu yakikusanyika chomoeni. La pili ni watoto. Ncha mbili za waya mmoja zikichomekwa kwenye swichi moja ya aina hii rahisi, ujumbe huzunguka bila kikomo na mtandao wa nyumba nzima husimama.

Tulipokwisha kufunga swichi mpya, kijana alipima tena katika chumba cha binti yangu: megabiti 37, na kamera zote zikifanya kazi.

Hapo kazi ya fundi ikawa imekwisha, ikabaki yangu. Nimesomesha Surat Al-Hujurat kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Nimewaeleza watoto aya ya 12 inayokataza dhana na kupelelezana, tena katika chumba kilekile chenye kamera zangu. Na najua, kama mjuavyo, kuwa haki ya mja haiondoki kwa istighfari peke yake. Hapana budi umwendee mwenyewe akusamehe.

Usiku ule tuliketi kwenye chakula, kaka zake wakiwepo wote. Nikasema: "Nilisema hapa neno juu ya dada yenu. Neno lile lilikuwa uongo. Na waya wake ni mimi niliyekuwa nikiuchomoa, hakuukata mtu mwingine." Kisha nikamgeukia yeye. "Mwanangu, naomba radhi."

Alikaa kimya kitambo. Ndipo akasema: "Baba, lililoniuma si waya. Ni kwamba hukuniuliza."

Sikuwa na jawabu, na hadi leo sina. Nilitaka kumlipa ada ya mwezi ya wale wanafunzi wawili. Alikataa, mamake akaipokea kwa niaba yake. Mzazi mmoja wa London tulimpigia simu, nikamweleza mwenyewe kuwa kosa lilikuwa langu, naye akamrudisha mtoto. Wa pili alikwisha kupata mwalimu mwingine. Mola ambariki huko aliko.

Akina mama, mtandao wa nyumbani ukizorota, pimeni kwenye ruta, kisha pimeni kabatini, ndipo mseme. Na akina baba wenzangu, kabla ya kupima chochote, ulizeni. Swali moja kwa binti yangu lingenigharimu pumzi moja tu. Dhana yangu ilimgharimu riziki na heshima mbele ya ndugu zake.

Nikiandika haya ni saa tatu na robo usiku. Mlango wa chumba chake umerudishwa, na nasikia mtoto wa mbali akiirudia swadi mara ya tatu, naye akimwambia: "Vizuri. Endelea."

Mwenyezi Mungu atusafishie nyoyo zetu na dhana mbaya, awahifadhi mabinti zetu, na azitie baraka riziki zao. Amin.

Wallahu a'lam.