Barua kutoka Barcelona: Mama Ndani ya Mwili wa Mtoto



Video za watoto wanaochapwa kandambili hazikauki kwenye makundi ya WhatsApp ya Waswahili walioko ughaibuni, na chini yake watu wazima wanacheka. Zinaudhi, hasa kwa mtu aliyezisikia habari za maabara za mji huu wa Barcelona.

Mwaka 2013 Domna Banakou, Raphaela Groten na Mel Slater wa Chuo Kikuu cha Barcelona walionyesha kwamba mtu mzima akivishwa miwani ya uhalisia pepe, akajiona ana mwili wa mtoto wa miaka minne, huviona vitu vikubwa kuliko vilivyo. Mwaka 2018 ukachapishwa utafiti wa akina mama 20 wa Hispania walioingizwa katika mwili wa mtoto wa umri huohuo. Mbele yao alisimama mama wa kompyuta, mara mpole, mara mkali. Baada ya kukutana na yule mkali, huruma yao iliongezeka. Tena, mbele ya ukali ule, hisia kwamba mwili mdogo ni wao ilipungua. Watafiti wakadhani walikuwa wakijikinga. Ishirini ni wachache, lakini fikirini: mtu mzima anaukimbia mwili wa mtoto kwa ukali wa picha tu! Mtoto wa kweli atakimbilia wapi?

Wapendwa wa nyumbani, mgeni hamjamuuliza jina chai imeshamiminwa. Mtoto wa nyumba hiyohiyo akiimwaga, kofi linatangulia swali. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana walifanyiwa ukatili wa mwili kabla ya miaka 18. Hiyo si adabu. Ni aibu yetu.

Ili kumwelewa mtoto, miwani ya uhalisia pepe si lazima. Chuchumaeni, macho yenu yakutane na ya mtoto. Kisha igeni tiba ya mzazi na mtoto iliyoasisiwa na Sheila Eyberg nchini Marekani miaka ya 1970, ambamo mtaalamu hukaa nyuma ya kioo akimwelekeza mzazi kupitia kifaa cha sikioni. Kazi ya nyumbani ni dakika tano za mchezo kila siku: mtoto aongoze, mzazi asiamuru wala asihoji, arudie anachosema mtoto na kusifu kitendo chenyewe, “Umevipanga vizuri vifuniko vya soda.”

Akina baba, hili ni lenu pia. Muulizeni afisa ustawi wa jamii kama kuna mafunzo ya malezi kwa vikundi, mfano wa yale ya Furaha Teens yaliyowahi kutolewa Tanzania, na mwende wenyewe, msimtume mama peke yake.