Ukitaka sanduku la gemu, anza na gemu!

Sikia msomaji wangu. Wapo wazazi ambao mtoto akichelewa kurudi wanajua pa kumkuta: kibanda cha gemu. Mimi ni mmoja wao. Mama watoto kafoka mpaka sauti imekauka, wapi! Nikaamua, kama gemu ndizo zinamtoa kijana nyumbani, basi zihamie nyumbani.

Tena si kwenye simu, kila mtu na yake. Nilitaka sanduku la mbao la kusimama, watu wawili bega kwa bega, kama yale yaliyomeza sarafu za watu enzi za Space Invaders ya mwaka 1978. Maana Januari kijana anakwenda bweni, na sisi tulishaanza kusalimiana kama wapangaji.

Watu wakipata wazo hili hukimbilia kununua kompyuta. Ngoja kwanza! Chagua gemu, nayo itakuchagulia vifaa. Mimi nampenda Pac-Man wa mwaka 1980. Huyo anataka jostiki ya pande nne tu, juu, chini, kushoto, kulia, wala haitaji kitufe cha kupigia. Kijana anataka Street Fighter II ya mwaka 1991. Hiyo ni pande nane na vitufe sita kwa kila mchezaji. Ukimchezesha Pac-Man kwa jostiki ya pande nane, mkono ukiteleza kwenye kona anagoma, mazimwi yanakumaliza.

Tulibishana siku mbili, bwana! Mwisho tukakuta kuna jostiki zenye kibao chini yake, ukikigeuza pande nane zinakuwa nne. Baba kapata, mwana kapata.

Kioo je? Televisheni ya zamani ya kichogo inapendeza kwa gemu hizo, lakini ni nzito, na ndani yake umeme mkali hubaki hata ukiichomoa. Kwa nyumba yenye watoto wadogo, hapana. Tulichukua kioo bapa cha mtumba, kile cha maofisini cha karibu mraba. Tumekilaza kwa ajili ya Street Fighter, hivyo Pac-Man anabaki na weusi pembeni. Sawa tu, mzazi hujinyima.

Kwenye kompyuta kijana alitaka Raspberry Pi, ile ndogo iliyoanza kuuzwa mwaka 2012. Haili umeme mwingi na inaingia popote. Ila kwa kawaida hutunza kila kitu kwenye kadi ya kumbukumbu, na umeme ukikatika ghafla kadi inaweza kuharibika. Huku kwetu umeme haupigi hodi ukiondoka! Tukanunua kompyuta ya ofisini ya mtumba. Gemu za zamani haziielemei, na ikileta ubishi fundi yupo mtaa wa pili, mwenyewe akiwa bweni.

Programu ni MAME, iliyoanza mwaka 1997. Yenyewe ni ya bure, lakini gemu nyingi zina wenyewe. Chache, kama Robby Roto, wenyewe wameruhusu zitolewe bure mradi hufanyii biashara. Nyingine za zamani huuzwa kihalali katika mikusanyo. Nilimwambia kijana, kinachotakiwa kununuliwa tutanunua.

Zilizobaki ni plaiwudi, seremala, vitufe vyenye swichi ndogo za kulia 'tik', na kibao cha kuunganisha waya zote kwenye tundu moja la kompyuta. Waya kaunganisha yeye, mimi nimeshika tochi. Jioni hizo kaniambia habari za shule ambazo kwa mwaka mzima sikuwa nimezisikia.

Kwa hiyo wewe mwenye kijana wa rika hilo, usimletee sanduku lililokwisha kutengenezwa. Chagueni pamoja, bishaneni, na akikupiga raundi tatu mfululizo usinune. Fanya mazoezi!