Ile ya Kati ni ya Nani?



Mpwa wangu anaolewa Mfungo Tatu, inshaallah, hapa hapa Kilwa Masoko, na mimi ndiye somo wake. Ni mwalimu, tena anacheza netiboli. Sasa upande wa bwana harusi imetoka sauti: akishaolewa, michezo basi. Bwana harusi mwenyewe kanyamaza. Mimi kimya hicho kinanitisha kuliko ile sauti.

Juzi, badala ya kumfunza mambo ya singo, nilimwekea kwenye simu fainali ya mpira wa vinyoya, wanawake wawili wawili, Olimpiki ya Tokyo. Huku kwetu mchezo huu hauna wenyewe. Kinyoya chenyewe ni gramu tano hivi. Kusi ikivuma kitaangukia uwani kwa jirani, ndiyo maana wenzetu huuchezea ukumbini.

Apriyani Rahayu ni Muislamu wa Konawe, kisiwa cha Sulawesi, Indonesia. Raketi yake ya kwanza ilikuwa ya mbao, kaitengeneza baba yake. Mwaka 2015, yuko Peru kwenye mashindano ya vijana, mama yake akafariki. Inna lillahi. Alikuwa na miaka 17.

Mwaka 2017 akapangwa na Greysia Polii, Mkristo, amemzidi miaka zaidi ya kumi, naye alikuwa keshafikiria kuacha. Huyo London 2012 aliondolewa mashindanoni, yeye na mwenzake wa wakati ule, kwa kutocheza kwa juhudi zote. Aibu ya dunia nzima. Akavumilia. Desemba 2020 akaolewa, na tarehe 2 Agosti 2021, miezi saba tu ya ndoa, wakawafunga Chen Qingchen na Jia Yifan wa China 21–19, 21–15. Dhahabu ya kwanza ya Indonesia kwa wanawake wawili wawili. Apriyani kwao akaahidiwa nyumba na ng'ombe watano. (Bwana harusi, umesikia?)

Lakini nilichotaka mpwa wangu akione ni kitu cha sekunde chache. Mchezo unaendelea, raketi ya Greysia ikakatika nyuzi. Akakimbia pembeni kuchukua nyingine. Apriyani akabaki na uwanja mzima peke yake, akawa anarudisha tu mpaka mwenzake akarudi.

Akaniuliza, "Mama mdogo, na kinyoya kikija katikati yao, nani anapiga?"

Swali hilo! Wakishambulia, mmoja husimama mbele, mwingine nyuma. Wakijihami husimama sambamba, na hapo ndipo adui hulenga katikati, kila mmoja adhani ni cha mwenziwe. Wachezaji wazuri hukubaliana mapema.

Nikamwambia, na wewe una za kati zako: mshahara wako, dawa za mama mkwe, hiyo netiboli. Usingoje zianguke chini ndani ya ndoa. Uliza kabla ya nikahi, kwa adabu, walii wako akiwepo.

Wanakuja Ijumaa baada ya Alasiri, bwana harusi na kaka yake. Shemeji yangu ataliuliza la netiboli la kwanza kabisa, na nimemwomba jambo moja: ajibu bwana harusi mwenyewe, si kaka yake.

Tuombeeni.